Mwezi wa Ndani ya Saa

Juzi tulimsitiri jirani yetu mmoja, mama wa umri wangu, na mimi nikawa miongoni mwa waliomwosha. Mtu alipofungua kikaratasi cha kafuri, harufu ikanipanda puani, na badala ya kumkumbuka marehemu nikamkumbuka baba yangu akiwa hai, ameketi mkekani, sanduku lake la saa limefunguliwa mapajani. Machozi yakanitoka. Wenzangu walidhani namlilia marehemu. Mungu anisamehe, nilikuwa naona aibu, aibu ileile ya utotoni ambayo uzee haukuipunguza hata kidogo.

Kwetu ni Kolo, kwenye njia itokayo Kondoa kwenda kaskazini. Wakati ule Mjerumani ndiye aliyekuwa serikali, boma lake lilikuwa Kondoa, na reli ilikuwa bado haijafika Dodoma, kwa hiyo kila kilichosafiri kilisafiri kwa miguu ya watu na ya punda. Baba alikuwa mnyapara wa wapagazi tangu ujana wake, amekwenda Bagamoyo na kurudi mpaka nyayo zikawa ngumu kama ubao. Halafu mguu mmoja ukamharibikia, akaamua kutulia. Akajenga tembe kubwa, akatenga chumba kimoja cha ndani, na watu wa safari wakaanza kumwekea amana. Mtu anashuka na nta, ngozi, pengine shanga za kuoa. Anaviacha kwa Baba, anakwenda kwao kulima, anarudi baada ya mavuno kuchukua mali yake. Karatasi haikuwapo. Lilikuwapo neno la Baba, na kwenye njia yote ile watu walisema neno lake halipindi. Ugali wetu ulitoka kwenye neno hilo, maana kila aliyechukua mzigo wake aliacha kitu kidogo cha kushukuru.

Saa ya kwanza alipewa bakshishi na Mzungu mmoja mwisho wa safari, na hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Kuna wanaume wa kupenda ng'ombe na kuna wanaume wa kupenda wanawake. Baba yangu alipenda saa za mfukoni. Kila Mzungu aliyepita Kolo akiwa mgonjwa, amefilisika au amechoshwa na nchi yetu, Baba alijua ana saa ya namna gani kabla hajajua jina lake. Alibadilishana nao kwa asali, kwa samli, hata kwa punda mzima mwenye nguvu zake. Mama alikuwa akimwambia taratibu, "Baba Zaina, punda anabeba mzigo. Hii inabeba nini?" Baba anacheka. "Inabeba wakati, Mama Zaina." Zaina ndiye mimi.

Alikuwa nayo moja ya fedha yenye picha ya mbwa akimfukuza paa, moja ya kujazwa kwa ufunguo mdogo kama sindano, na moja iliyolia kengele nyembamba ukiibonyeza ubavuni. Alizilaza zote sandukuni juu ya pamba, na vipande vya kafuri katikati yake ili wadudu wasizikaribie. Kila asubuhi baada ya sala alizijaza moja baada ya nyingine, akiziweka sikioni kusikia kama zimeitika. Mimi niliamini anazilisha. Nilipomuuliza zinakula nini alinijibu bila kucheka, "Zinakula vidole vyangu, mama." Kwa muda mrefu sana nilivichunguza vidole vyake nikitafuta pale vilipopungua.

Halafu ikaja ile saa. Bwana mmoja wa boma alikuwa anarudi kwao Ulaya, homa imemla amebaki mifupa, na alikuwa amesikia habari za mzee wa Kolo mwenye kupenda saa. Akamwita. Baba alikwenda Kondoa na punda waliobaki, wamebeba nta yake yote, akarudi peke yake kwa miguu, anachechemea, na uso unang'aa. Mama alitazama njia nyuma yake akiwatafuta punda. Alimpa maji ya kunawa.

Ilikuwa ya dhahabu, nzito, inajaa kiganja. Usoni mwake palikuwa na visaa vidogo ndani ya saa kubwa: kimoja kilionyesha siku ya juma, kimoja tarehe, kimoja mwezi wa Kizungu, na kimoja kilikuwa na kishale kilichozunguka mara moja tu katika miaka minne. "Hiki," Baba alituambia, "ndicho kinachokumbuka ule mwaka wenye siku moja ya ziada. Yule bwana ameniambia, saa hii ukiijaza kila siku, hutaigusa kalenda yake miaka mia. Haikosei. Sisi wote tutakuwa udongo, na yenyewe itakuwa bado inajua leo ni siku gani."

Kilichonimaliza mimi si tarehe. Upande wa juu palikuwa na kidirisha chenye anga ya buluu na nyota, na ndani ya anga hiyo mwezi wa dhahabu wenye macho, pua na mdomo. Ulichomoza kidogokidogo kutoka nyuma ya kilima cha shaba, siku baada ya siku ukajaa, kisha ukazama nyuma ya kilima kingine. Saa ilipoonyesha mwezi mpevu, nilitoka nje nikauona mwezi mpevu juu ya milima yetu. Basi nikafahamu moja kwa moja. Ule wa kwenye saa ndio mwezi wenyewe, na ule wa juu unavutwa nao, kama mbuzi anavyovutwa kwa kamba. Nilijiona mtoto wa mtu aliyefungia mwezi mfukoni mwake, na nilitembea Kolo nzima shingo juu.

Na watu nao wakaanza kuja. "Bwana Saa, mwezi utaandama lini?" Baba anafungua mfuniko, anatazama, anasema siku. Kiangazi kizima alisema, na kiangazi kizima ikawa vile alivyosema. Wafugaji wazee ambao tangu ujana wao hawakuwahi kuuliza mtu habari za mwezi, nao walisimama mlangoni petu wakachungulia ule uso wenye pua, wakacheka wakiondoka. Baba hakupenda kicheko kile. Alikuwa mtu wa watu, lakini tangu saa ile iingie nyumbani akaanza kukasirika upesi mtu akimbishia.

Mmoja tu ndiye hakuwahi kuuliza. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa msikiti, mzee kutoka pwani, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu na alitembea akishika ukuta. Siku moja Baba alimwambia kwamba mwaka huu Ramadhani haitakuwa na mashaka, saa ipo. Mwalimu akatabasamu. "Saa itupe wakati wa sala, Bwana Saa, Mungu akulipe. Lakini mwezi ni wa macho. Tumeamrishwa tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona." Baba akaitikia vizuri. Alipofika nyumbani akasema, "Mwezi ni wa macho! Yeye macho yake yako wapi?" Mama akasema Astaghfirullah, akaingia jikoni.

Ramadhani ile ndiyo niliyofunga yote kwa mara ya kwanza. Tulianza pamoja mimi na Hadija, mtoto wa jirani yetu Mama Hadija, niliyekuwa nikichunga naye mbuzi kule kwenye mawe yenye michoro. Tuliapiana kwamba hakuna atakayekula mchana hata siku moja, na jioni tulionyeshana ndimi nyeupe kuthibitisha. Njaa ilituuma, wallahi, maana ilikuwa mwanzo wa mvua, watu wanalima, na harufu ya mahindi makavu ya kukaanga kutoka kwa wasiofunga ilitufuata kila tulikokwenda. Lakini tulishinda. Zikapita siku, hina ikapondwa, Baba akaninunulia gauni la marikani jeupe lililoshonwa Kondoa, na mchele wa sikukuu ukawekwa kwenye kibuyu juu ya dari.

Jioni ya ishirini na tisa mbingu ilijaa mawingu toka asubuhi. Wanaume walikuwa wamepanda kilimani kutafuta mwezi na wakateremka mikono mitupu. Wakakaa nje ya msikiti kungoja neno la Mwalimu, na sisi watoto tukawa nyuma ya ua wa miti tunasikiliza. Baba alifika wa mwisho kwa sababu ya mguu wake. Alikuwa amekwenda peke yake upande wa pili wa kilima. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, na nilijua umeshika nini.

"Nimeuona," akasema.

Watu wakasimama. Hakuna aliyemtilia shaka, nani angemtilia shaka mtu yule? Mwalimu aligeuza uso wake kuelekea sauti. "Alhamdulillahi. Uliuona upande gani, Bwana Saa?"

"Magharibi. Juu kidogo ya kilima. Mawingu yalifunguka mara moja yakafunga."

"Ulikuwa mnene au mwembamba?"

"Mwembamba sana."

"Na pembe zake zilielekea wapi?"

Hili ndilo swali ambalo huulizwa kila shahidi wa mwezi, na kwetu hata mtoto wa kuchunga ndama anajua jibu lake. Mwezi mchanga wa kwetu hulala chali. Pembe zake hutazama juu, pengine zimeinama kidogo upande huu au ule, na wazee hubishana kama umeinama kumwaga mvua au umeishika. Baba aliinua mkono wake hewani akauchora. Aliuchora umesimama wima, mgongo kuume, pembe zote mbili zinatazama kushoto.

Mtu mmoja alikohoa. Mwalimu hakuuona ule mkono, akauliza, "Mbona kimya?" Baba mwenyewe ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Umesimama, Mwalimu. Pembe kushoto."

Nilitaka kupiga kelele za furaha kwa sababu niliutambua. Ndivyo hasa ulivyokuwa asubuhi ile kidirishani, umechungulia kidogo kutoka nyuma ya kilima cha shaba, umesimama. Mjukuu wangu aliyekwenda Ulaya aliniambia juzijuzi tu kwamba huko kwao mwezi unasimama kweli, na waliotengeneza saa ile waliuchora kama wanavyouona. Tena akasema saa haikudanganya, mwezi ulikuwa umezaliwa siku ile, ila ulikuwa mchanga mno hakuna jicho ambalo lingeuona. Basi saa haikukosea. Aliyekosea ni baba yangu, aliyesema nimeuona. Sijui hata leo kama alijua anasema uongo. Nadhani alikuwa amemwamini yule mwezi mwenye pua mpaka akaona hakuna tofauti.

Mwalimu alipapasa fimbo yake. Kisha akasema maneno ambayo nilikuja kuyaelewa ukubwani kuwa yalikuwa stara. "Mungu akulipe kwa juhudi yako, Bwana Saa. Lakini mwezi wa kufungulia unataka mashahidi wawili, na wewe ni mmoja. Tutakamilisha thelathini." Watu wakatawanyika wakiangalia chini. Hakuna aliyecheka. Baba angekubali stara ile, mambo yangeishia hapo.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Baba alirudi nyumbani amekasirika. "Kesho ni sikukuu," alimwambia Mama. "Katika nyumba hii kesho ni sikukuu."

"Baba Zaina," Mama akasema, "uliuona kwa macho yako?"

"Nimesema nimeuona."

Mama alijifunga kaniki yake kiunoni. Akasema, "Haya." Akapanda kuteremsha kibuyu cha mchele.

Asubuhi nilivalishwa gauni langu jeupe. Kuku wawili walichinjwa, na harufu ya samli na vitunguu ikatoka nyumbani kwetu ikaelea juu ya mji mzima uliokuwa umefunga. Baba alikaa mkekani amevaa kanzu mpya, saa kifuani. Mimi nilikaa mbele yake kama malkia. Nilikuwa nimemaliza Ramadhani! Tulikula sahani moja, mimi na yeye, na wali ulikuwa na chumvi nyingi mno, unakwaruza koo. Nilishangaa, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kukosea chumvi. Nilikuwa bado sijui kwamba mpishi aliyefunga haonji.

"Njoo ule, Mama Zaina," Baba akasema.

"Nitakula baadaye. Moshi umenijaza."

Nikadhani anaumwa, au amewahurumia kuku. Baba aliendelea kula ameinamisha kichwa, na nikaona hakugundua lolote.

Kisha nikatumwa. Siku ya sikukuu kwetu huli bila kumpelekea jirani, na Baba alisisitiza kwamba sahani ziende kama kawaida. Mama alipakua, akafunika kwa kawa, akanitazama gauni langu. "Nenda kwa Mama Hadija tu," akasema. "Basi. Usipite kwingine."

Nilikwenda najidai. Mikono yangu ilikuwa na hina, midomo yangu ina mafuta na sikuyafuta kusudi. Nilibisha hodi. Mama Hadija alitoka na jembe mkononi, yuko tayari kwenda shamba, midomo mikavu imepasuka kama ya kila mtu siku ile.

"Shikamoo, mama. Mama anasema Idi njema."

Hakujibu shikamoo yangu. Aliangalia kawa, akaniangalia mimi toka nywele hadi miguu. Angenigombeza ningejua la kufanya. Lakini aliweka jembe chini, akapokea sahani kwa mikono miwili kama inavyopokewa, akasema kwa sauti ya chini, "Imefika, mwanangu. Mwambie mama yako imefika." Akaipeleka ndani, kwenye pembe yenye giza, akaifunika kwa ungo juu ya kawa.

Hadija alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Hakuangalia gauni langu. Alikuwa anaangalia midomo yangu.

"Umekula," akasema.

"Leo Idi. Baba ameuona mwezi."

"Mimi bado nimefunga," Hadija akasema. Hakuwa ananikebehi. Alisema tu, kisha akatoa ulimi wake, mweupe, mkavu, kama tulivyozoea kuonyeshana. Akangoja nitoe wangu.

Sijui nilifikaje barabarani. Nakumbuka najifuta midomo kwa mkono wa lile gauni jeupe, na mafuta yakabaki kwenye kitambaa. Pale kisimani walikuwapo watoto, na habari za jana zilikwisha wafikia kwa baba zao, wakaniona nimepambwa peke yangu katika mji wa watu waliofunga. Mmoja akaanza, wenzake wakaitikia wakipiga makopo:

"Mwezi wa saa umesimama wima!"

"Kama askari, kama askari!"

Wimbo huo waliutia hata mwendo, wakisimama mgongo wima, mikono imebana mapajani, kama askari wa boma mbele ya bwana wake. Nikakimbia. Nilipofika nyumbani nikajificha nyuma ya ghala nikatia kidole kooni nitapike ule wali, nikiamini ukitoka wote nitakuwa nimefunga. Mama alinikuta hapo. Alinisafisha uso kwa pindo la kaniki yake, na pumzi yake ilikuwa na ile harufu ya mtu mwenye njaa ya tangu alfajiri. Ndipo nikajua. Nikataka kumwambia Baba, akaniwekea mkono mdomoni. "Nyamaza. Ana yake yanayomtosha."

Jioni ile mvua ilinyesha kidogo ikakatika, na mbingu ikafunguka safi. Kelele zikaanza upande wa kilima, zikateremka nyumba hadi nyumba: umeandama, umeandama. Watu walipiga ngoma na masufuria. Nilitoka nikamkuta Baba amesimama uani, saa imefunguliwa kiganjani. Juu ya kilima mwezi ulikuwa umelala chali, mwembamba, pembe juu, kila mtu anauona. Baba aliutazama, akatazama saa. Kisha taratibu akaigeuza saa kwa vidole, akaigeuza tena, mpaka ule mwezi wenye pua ukalala kama wa juu. Tarehe na siku na miezi yote ya Kizungu ikawa imelala ubavu. Akafunga mfuniko.

"Kesho asubuhi nenda ukawaambie," Mama alisema kutoka mlangoni. "Watakusamehe. Ni watu."

"Nitasemaje?" Baba akauliza. Lilikuwa swali la kweli, alitaka afundishwe.

Hakuwaambia. Alikwenda kusali Idi, akapeana mikono na watu, wote wakampa mikono na hakuna aliyegusia lolote, akarudi kwa njia ya nyuma. Nyumbani kwetu siku ile, ambayo ndiyo sikukuu yenyewe, tulikula ugali wa uwele na mlenda. Gauni langu lilikuwa na doa la mafuta mkononi na sikutoka.

Siku zilizofuata ndizo zilizomvunja. Watu walianza kuja kuchukua amana zao, na kila mmoja alikuja na sababu nzuri. Huyu amesikia nta imepanda bei Kondoa. Yule mkewe amekumbuka ngozi zile ni za mjomba wake. Mwingine eti anahama. Waliamkia kwa heshima zote, wakashukuru, wakaacha chochote cha asante, wakaondoka. Laiti mmoja wao angesema kweli! Baba aliwatolea mizigo yao mmoja mmoja, na hakuna kilichopungua hata ushanga. Chumba cha ndani kikabaki na panya.

Na saa akaacha kuzijaza. Hakutangaza. Asubuhi moja hakufungua sanduku, na ya pili vilevile, na zile sauti ndogo za usiku na mchana nilizozizoea tangu nizaliwe zikakatika moja baada ya nyingine. Ile ya dhahabu ilikuwa ya mwisho. Nikadhani amezifungisha saa, zilipe ile siku tuliyokula. Niliona ni haki, hata nikawa nahesabu lini atazifungulisha.

Ilikuwa mvua zimekwisha, watu wanavuna, alipokuja kijana mmoja mgeni na furushi begani, vumbi limempanda mpaka magotini. Baba alikuwa ameketi kizingitini amenyoosha mguu wake mbovu. Mimi nilikuwa napeta mtama. Kijana akaamkia, "Shikamoo, mzee. Nimetoka Singida. Nimeambiwa nikifika Kolo niulize nyumba ya mzee mwenye saa, nimwachie shanga za mahari yangu, maana huko niendako kuna wanyang'anyi. Wamesema neno la mzee huyo halipindi."

Ungo ukanikwama mikononi. Huyu alikuwa hajasikia. Njia nzima ilikwisha kusikia isipokuwa yeye, na Baba angeweza kuitikia tu, akaanza upya. Nilimwomba Mungu aitikie.

"Waliokuambia walikuambia ya zamani," Baba akasema. "Mzee huyo hayupo. Nenda Kondoa, mwanangu."

Kijana akatazama nyumba, akatazama jua, akachanganyikiwa. Hapo Mama akatoka ndani, mikono ina unga mpaka vifundoni. Alikuwa amesikia yote.

"Lete hapa huo mzigo," akasema. "Nitakutunzia mimi."

Kijana hakusogea. Hakuwahi kuona amana inakabidhiwa mwanamke na mumewe ameketi palepale. Akamgeukia Baba amwambie la kufanya.

Baba hakuinua uso. "Mpe yeye," akasema. "Siku ile mimi nilikula. Yeye alifunga."

Kijana wa watu hakuelewa hata neno moja. Alifungua kamba begani, akaweka furushi kwenye mikono ya Mama yenye unga, na Baba akausogeza mguu wake mbovu ili Mama apate nafasi ya kupita mlangoni.